Mlango wa Kutokea: Uongozi Harvard, Mlimani na katika Rika la Waarusha

Kiongozi tunampima zaidi kwa namna alivyoingia: nani alimteua, alipata kura ngapi, shahada zake ni za wapi. Mlango wa kutokea hatuutazami mpaka siku utakapogoma kufunguka. Hata historia za vyuo vikuu huandikwa hivyo, picha za wakuu zikipangwa ukutani kwa mwaka wa kuingia madarakani. Hoja yangu ni kwamba tabia ya uongozi huonekana vizuri zaidi mwishoni. Ni nani mwenye haki ya kumwambia mkubwa kuwa imetosha? Na akishaambiwa, anakwenda wapi?

Terrat, kusini mwa jiji la Arusha, swali hilo lina majibu mawili yanayoishi jirani. Kwenye kata hii mashamba ya mahindi na maharage yanazidi kumegwa viwanja, na mgogoro wa mpaka ni jambo la kila msimu. Mwenye shauri anaweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mtendaji wa kata, watu wa mihuri na mafaili. Anaweza pia kwenda kwa laigwanani, asiye na muhuri wala ofisi. Mwenyekiti anatoka kwa kura au kwa muda wake kuisha. Laigwanani anatokaje?

Kwa Waarusha, kijana wa kiume haingii utu uzima peke yake. Anatahiriwa na kuingizwa katika rika, na rika lina jina litakalomfuata mpaka kaburini: Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga, moja likifuata jingine. Rika hupata wasemaji wake, ndio malaigwanani, na huwa chini ya ulezi wa rika lililolitangulia kwa ngazi mbili. Rungu jeusi ndilo alama ya dhamana hiyo, na mwenye kulishika huongoza kwa maneno: anasikiliza, anapatanisha, anatamka kile ambacho kikao kimeshakubaliana.

Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliona jambo ambalo mgeni angelipita bila kuliona. Wasemaji wa rika hawakuwa peke yao. Koo nazo zilikuwa na wasemaji wao, na mtu mwenye kesi aliweza kuangalia ni upande upi utamfaa zaidi, wa rika au wa ukoo. Msemaji aliyelewa sifa angeshtukia watu wamehamishia mashauri yao upande wa pili. Hakukuwa na haja ya kumfukuza mtu, kwa kuwa watu wenyewe walikuwa na pa kwenda.

Lakini linalonivutia zaidi ni mwisho wa zamu. Laigwanani hastaafishwi akawaacha wenzake kazini. Rika zima hupanda pamoja, kutoka morani hadi uzee mdogo, kisha uzee mkubwa, na kazi za ngazi ile huachiwa wanaofuata. Yeye hubaki msemaji wa wenziwe, ila mambo wanayoyasemea yamebadilika. Na rika lililopanda hupewa kazi mpya ya kulea. Hivyo kutoka hakuleti aibu, kwa sababu anayetoka ni kizazi na anakokwenda kunajulikana tangu siku ya kwanza.

Wakoloni hawakuuelewa mpango huu, au hawakuutaka. Wajerumani walipoitiisha Arusha na Meru mwishoni mwa karne ya 19 walihitaji mtu mmoja wa kuitwa bomani, wakatawala kupitia machifu, na Waingereza wakaendelea nao. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta uchifu serikalini. Malaigwanani wakabaki, kwa kuwa hakuna aliyewateua kwa barua, basi hakuna barua ya kuwafuta.

Sasa twende Massachusetts, kwenye chuo kikongwe kuliko vyote nchini Marekani. Harvard ilianzishwa mwaka 1636, na mkuu wake wa kwanza, Nathaniel Eaton, alitolewa mwaka 1639 kwa kumpiga msaidizi wake kwa gongo na kuwatesa wanafunzi. Waarusha wangeona mara moja kosa liko wapi: rungu la uongozi alilifanya la kupigia. Masomo yakasimama mpaka Henry Dunster alipochukua uongozi mwaka 1640. Dunster ndiye aliyekiweka chuo kwenye msingi, na hati ya mwaka 1650 iliyounda baraza dogo la watu saba kwa jina la Corporation ilipatikana wakati wake. Baraza hilo hujaza nafasi zake lenyewe, na ndilo linalomteua rais wa chuo hadi leo. Naye Dunster akalazimika kujiuzulu mwaka 1654 kwa sababu ya imani: alikataa ubatizo wa watoto wachanga katika koloni ambalo kanisa na serikali vilikuwa kitu kimoja.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila tunapoambiwa kuwa vyuo vya Marekani vilizaliwa huru. Baraza la pili la Harvard, lile la waangalizi, lilijaa wachungaji na wakuu wa serikali kwa vizazi vingi. Ilipofika mwaka 1865 ndipo uchaguzi wa waangalizi ulipokabidhiwa wahitimu. Kutoka 1636 hadi hapo ni miaka 229. Miaka minne baadaye akaja Charles William Eliot, mwanakemia wa miaka 35, ambaye waangalizi walimkataa kwanza kabla ya kumkubali. Alikaa miaka 40. Mrithi wake, Lowell, alikaa 24. Watu wawili, miaka 64. Eliot aliutumia muda huo kukigeuza chuo cha kufundishia vijana kuwa chuo kikuu cha utafiti. Lowell naye alijenga mengi, lakini pia alijaribu kuweka ukomo wa idadi ya wanafunzi Wayahudi. Muda mrefu hauchagui wa kumsaidia: mwenye maono atayatimiza, na mwenye chuki atapata nafasi ya kuzigeuza kanuni.

Siku hizi mlango wa Harvard unafunguka kwa kishindo. Lawrence Summers alipigiwa kura ya kutokuwa na imani na wahadhiri mwezi Machi 2005, akaondoka mwaka uliofuata. Claudine Gay, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, alianza Julai 2023 na kujiuzulu tarehe 2 Januari 2024, baada ya mahojiano bungeni, tuhuma kuhusu maandishi yake na shinikizo la wafadhili matajiri. Hakuna rais wa Harvard aliyekaa muda mfupi kuliko yeye. Kwenye karatasi Corporation ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kwa vitendo, wanasiasa na wenye fedha wamejifunza kubisha hodi kwa nguvu.

Kwetu, barua ilitoka Ikulu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria tu, chini ya Cranford Pratt kutoka Kanada. Kikahamia Mlimani mwaka 1964, na Wilbert Chagula akakiongoza kuanzia 1965. Oktoba 1966 wanafunzi walipopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa hawakuandamana kwenda kwa Chagula. Waliandamana kwenda Ikulu, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia. Wanafunzi walijua vizuri ufunguo uko mfukoni mwa nani.

Miezi michache baadaye likatangazwa Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na mwezi uliofuata ukatoka waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Chuo kilitakiwa kiwe chombo cha taifa. Kilipokuwa chuo kikuu kamili Julai 1970, Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Makamu Mkuu wa Chuo akawa Pius Msekwa, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa TANU na kabla ya hapo Katibu wa Bunge. Umri wake ulikuwa kama miaka 35, kama Eliot. Kuna waliokasirika kwamba mtu wa chama amekabidhiwa wasomi. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia Msekwa barua ya wazi ya kuukosoa uongozi wake, akafukuzwa chuoni na askari wakamchukua. Baada ya Msekwa wakaja Ibrahim Kaduma na Nicholas Kuhanga, wote waliowahi kuwa mawaziri. Geoffrey Mmari, mwanahisabati, alikiongoza kuanzia 1988, na tangu hapo uongozi umekuwa wa maprofesa: Matthew Luhanga kwa miaka 15, Rwekaza Mukandala 11, kisha William Anangisye aliyeteuliwa mwaka 2017. Katika miaka ya 1990 hata kofia ya Mkuu wa Chuo ikavuliwa kichwani mwa rais wa nchi na kuvikwa Paul Bomani. Mkono wa dola haukuondoka wote, ila ulilegea. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2003, Rais Kibaki alipoacha ukuu wa vyuo vya umma uliokuwa mikononi mwa mtangulizi wake.

Makerere ya Uganda inaonyesha bei ya mlango wenye mlinzi mmoja. Yusuf Lule, Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo kile, aliondolewa mwaka 1970. Aliyemfuata, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Rais Idi Amin Oktoba 1972 na hakuonekana tena. Pale mamlaka ya kuteua na ya kuondoa yalipokuwa mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na wa kumzuia, kutoka madarakani kukawa kutoka duniani.

Tukiyaweka mapokeo haya kwenye kikao kimoja, kila moja lina la kujibu. Harvard ilikaa miaka 371 bila rais mwanamke hadi Drew Faust mwaka 2007. Makamu wakuu wa Mlimani niliowataja, kutoka Msekwa hadi Anangisye, wote ni wanaume. Rika la Waarusha nalo limejengwa juu ya wanaume kabisa: mwanamke wa Terrat anaathirika na uamuzi wa ardhi bila kuwa na rika la kumsemea. Nisingependa kuuremba mfumo huo. Vilevile Harvard ilichelewa kuutazama ukuta wake wa picha. Mwaka 2016 Faust aliweka bamba lenye majina ya Titus, Venus, Bilhah na Juba, watumwa waliowatumikia marais wawili wa karne ya 18 palepale chuoni, na ripoti ya 2022 ikawataja zaidi ya watu 70 waliomilikiwa na viongozi, wahadhiri na watumishi wa chuo.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho rika linakijua na ambacho vyuo vinakibahatisha: kazi ya aliyetoka. Summers alipoanguka, Harvard ilimwita Derek Bok, aliyekuwa ameachia urais miaka 15 nyuma, akakishika chuo kwa mwaka mmoja mpaka Faust alipoingia. Ilikuwa kazi ya mlezi, mzee wa ngazi za juu anayewatuliza wadogo bila kugombea nafasi yao. Mmari alipotoka Mlimani alikwenda kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Huria, akiulea mche mpya. Msekwa alifika mpaka kiti cha Spika. Watu hawa walitoka bila kuvunja kitu kwa sababu walikuwa na pa kwenda. Pasipo njia hiyo, mkuu wa taasisi atang'ang'ania kiti hata kama ni mtu mwema, maana nyuma ya kiti anaona giza.

Kwa hiyo wanaojadili namna ya kuwapata wakuu wa vyuo vyetu, kwa kamati za utafutaji, mabaraza na sifa kwenye matangazo, wanashughulikia nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuandika mapema muda wa zamu, kuhakikisha anayeondoa hawi yule yule aliyeteua peke yake, kumpa mwenye malalamiko upande wa pili wa kupeleka shauri lake kama walivyofanya Waarusha, na kumwekea anayetoka kazi ya heshima isiyo na mamlaka juu ya mrithi wake. Hayo hayahitaji fedha nyingi wala miaka 229. Yanahitaji mwenye ufunguo akubali kuwapa wengine nakala.