Unyayo wa Maji wa Ua Moja

Debe la lita 20 halitoshi kwa mawaridi matatu ya Naivasha, Kenya. Ndivyo ilivyo hata kwa hesabu ya chini kabisa ya Mesfin Mekonnen, Arjen Hoekstra na Robert Becht, ambao utafiti wao wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba ua moja la waridi la bonde la Ziwa Naivasha hugharimu lita 7 hadi 13 za maji. Kipimo walichotumia, cha maji yote ambayo zao hugharimu, kiliasisiwa na Hoekstra, Mholanzi, mwaka 2002. Nasi tunakihitaji kwa Kiswahili, kwa sababu anayefungua vali ya umwagiliaji alfajiri anazungumza Kiswahili.

Kabla ya Hoekstra, mtaalamu Tony Allan wa London alikuwa ameshaeleza kwamba nchi inayouza mazao huuza pia maji yaliyoyakuza. Ni rahisi kuyaita maji hayo "maji pepe", kwa mfano wa barua pepe. Silipendi jina hilo. Linayafanya yaonekane kama hayakuwepo, ilhali yalivutwa kwa pampu, yakapita kwenye mipira ya matone, yakanywewa na mizizi na kutoka majanini kama mvuke. "Maji fiche" nalo linapotosha, maana msomaji atadhani yamo ndani ya ua. Kamua shada zima uone kama utajaza kikombe.

Kipimo chenyewe mimi nakiita unyayo wa maji. Mtu akipita, unyayo haumfuati. Hubaki pale alipokanyaga. Waridi linakwenda kwenye mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, lakini unyayo wake unabaki Naivasha. Tena nautaka katika umoja. Tangu mwaka 1978, Rais Daniel arap Moi alipoahidi kufuata nyayo za mtangulizi wake, Jomo Kenyatta, Mkenya akisikia "nyayo" anasikia siasa kwanza.

Na kishindo cha unyayo hutegemea ardhi. Kukanyaga mwamba si sawa na kukanyaga kitalu cha miche. Naivasha ni ziwa la maji baridi lisilo na mto unaotoka, nalo hulishwa zaidi na Mto Malewa. Katika ukame wa mwaka 2009 lilirudi nyuma sana. Kuanzia mwaka 2020 likafurika hadi nyumba za mtaa wa Kihoto zikaingiwa na maji. Lita ileile moja haikuwa na uzito mmoja katika miaka hiyo miwili. Mwenye shamba anayetaja lita peke yake, bila kusema zilichotwa wapi na lini, ameeleza nusu tu ya habari.

Wataalamu huugawa unyayo kwa rangi: kijani, buluu na kijivu. Hapa sioni haja ya kutafsiri rangi. Kijani ni maji ya mvua yaliyomo udongoni, na buluu ni maji ya ziwa, mto au kisima. Tuyaite hivyo hivyo. Kijivu ndicho kigumu. Si maji machafu yenyewe. Ni kiasi cha maji safi ambacho kingehitajika ili mbolea iliyochuruzika ipungue ukali hadi kiwango kinachokubalika. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo tangu zamani: kuzimua. Kila mpishi anakijua. Basi ni maji ya kuzimulia, na jina lenyewe linakueleza kwamba kuna kitu kilichozidi ukali.

Jina hilo linasaidia shambani. Mwenye vitalu nyumba anaweza kukinga mvua ya mapaa na kuihifadhi bwawani, hapo akapunguza kuchota ziwani, ingawa mbolea bado itachuruzika. Lakini akipanda mawaridi yake kwenye mifereji iliyoinuliwa, yenye changarawe nyepesi ya volkeno badala ya udongo, maji yanayochuruzika chini anaweza kuyakusanya, kuyatibu, kupima mbolea iliyobakia na kuyarudisha kwenye mizizi. Hapo anapunguza yote mawili: anachota kidogo, na mbolea haifiki ziwani kudai kuzimuliwa. Katika hesabu ya Mekonnen na wenzake kuhusu maua yaliyouzwa nje kutoka bonde hilo kati ya mwaka 1996 na 2005, maji ya kuzimulia yalikuwa asilimia 33 ya unyayo wote. Theluthi hiyo haikunywewa na ua lolote.