Kadi za besiboli: Jinsi chambo cha sigara kilivyogeuka biashara ya mamilioni

Machi 2025, kadi moja inayoenea kiganjani iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola milioni 1.11. Ina picha ya Paul Skenes, mrushaji mpira kijana wa timu ya Pittsburgh Pirates, pamoja na saini yake na kiraka kilichobanduliwa kwenye jezi aliyovaa siku alipocheza ligi kuu kwa mara ya kwanza. Ilitengenezwa hiyo moja tu, ikachanganywa na maelfu ya kadi za kawaida, ikafungwa kwenye pakiti na kupelekwa sokoni.

Aliyeiangukia ni mtoto wa miaka 11 wa eneo la Los Angeles, katika pakiti za zawadi ya Krismasi ya 2024. Klabu ya Pirates ilikuwa imetangaza kwamba atakayeikabidhi kadi hiyo atapewa, miongoni mwa zawadi nyingine, tiketi mbili za msimu kwa miaka 30. Familia ilipima, ikaona mnada ni bora.

Kisa hicho ni cha juzi tu, lakini mchezo wa kukusanya kadi una takriban miaka 140. Katika muda huo kadi za besiboli zimeuza sigara, kisha peremende, kisha bazoka. Kilichobadilika ni kwamba leo haziuzi tena kitu kingine. Zamani kadi ilikuwa chambo; siku hizi watu wananunua chambo chenyewe.

Enzi ya tumbaku

Miaka ya 1880 sigara za Marekani ziliuzwa katika pakiti laini za karatasi ambazo zilipondeka mfukoni. Kampuni zikatia humo kipande cha karatasi ngumu ili kuzikinga sigara, kisha zikaona ni hasara kukiacha kitupu. Zikachapa picha za waigizaji wa kike, bendera, wanyama na wanamichezo. Mwaka 1887 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa seti ya mabingwa wa michezo mbalimbali, wachezaji wa besiboli wakiwamo. Goodwin & Company ya New York nayo ilitia picha za wachezaji katika sigara zake za Old Judge.

Picha hizo za Old Judge zinachekesha ukizitazama kwa makini. Kamera za wakati ule hazikuweza kumnasa mtu anayekimbia, hivyo mchezaji alipigwa picha studio, mbele ya pazia lililochorwa mandhari. Anajifanya kudaka mpira, na mpira wenyewe unaning'inia kwa uzi unaoonekana wazi.

Mwaka 1890 James Buchanan Duke aliziunganisha kampuni kubwa za sigara kuwa American Tobacco Company. Ushindani ulipokufa, haja ya kumbembeleza mvutaji nayo ikafa, na kadi zikatoweka kwa miaka mingi. Ziliporudi mwaka 1909 zilirudi kwa kishindo. Seti ambayo leo inaitwa T206 ilitolewa hadi 1911, ikiwa na kadi zaidi ya 500 ndani ya pakiti za chapa mbalimbali za sigara.

Humo ndimo ilimo kadi ya Honus Wagner, nyota wa Pittsburgh Pirates, timu ileile ya Skenes. Ni ndogo kuliko kadi za sasa: upana wake haufiki sentimita nne na urefu wake haufiki saba. Wagner ameelekeza uso pembeni kidogo, nywele zimegawanywa katikati, nyuma yake rangi ya chungwa, na kifuani limeandikwa jina la mji bila herufi ya mwisho, kama lilivyoandikwa enzi hizo. Uchapaji wake ulisitishwa mapema baada ya Wagner kukataa picha yake itumike. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake; wengine wanasema aliona hakulipwa ipasavyo. Vyovyote iwavyo, zinazojulikana kuwapo leo ni chache, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Jina T206 lenyewe halikutoka kwa watengenezaji. Lilitolewa na Jefferson Burdick, fundi wa umeme wa Syracuse, New York, aliyesumbuliwa na baridi yabisi muda mwingi wa maisha yake. Katika miaka ya 1930 alianza kuorodhesha kadi za kila aina, akizipa herufi kulingana na bidhaa zilizotoka nazo. T ni ya tumbaku. Alizitoa kadi zake na vichapo vingine zaidi ya 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na alitumia miaka yake ya mwisho akizibandika kwenye albamu hukohuko kwa vidole vilivyokakamaa. Alifariki mwaka 1963.

Bazoka na pengo la namba 106

Mwaka 1933, Marekani ikiwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Goudey Gum Company ya Boston ilianza kuuza bazoka pamoja na kadi za besiboli. Seti ilipewa namba hadi 240, na nyota Babe Ruth peke yake alipewa kadi nne. Watoto walinunua, wakabadilishana, wakanunua tena, lakini hakuna aliyeipata kadi namba 106. Haikuchapishwa. Walioandika barua kulalamika walitumiwa kadi hiyo mwaka uliofuata, ikiwa na picha ya Nap Lajoie, mchezaji aliyekwisha kustaafu siku nyingi. Goudey ilikuwa imegundua jambo ambalo biashara hii haijalisahau: mkusanyaji anaweza kuvumilia njaa, lakini pengo kwenye seti yake halivumilii.

Aliyeipa kadi sura tunayoijua ni Sy Berger wa kampuni ya Topps ya Brooklyn, watengenezaji wa bazoka ya Bazooka. Pamoja na msanii Woody Gelman, alibuni seti ya 1952 juu ya meza ya jikoni kwake. Mbele waliweka picha kubwa ya rangi, nembo ya timu na mfano wa saini. Nyuma, wasifu mfupi na takwimu za mchezaji. Mtoto asiyeweza kufika uwanjani aliweza kubishana kuhusu wastani wa mpigaji akiwa na ushahidi mkononi. Kadi zilikuwa 407.

Namba 311 ni ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Ilikuwa katika fungu la mwisho, lililoingia madukani msimu ukielekea ukingoni na wanunuzi wakiwa wamehamishia macho kwenye soka la Kimarekani. Makasha yasiyouzwa yalikaa ghalani miaka kadhaa. Kwa simulizi ya Berger mwenyewe, mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari na kuyatosa katika bahari ya Atlantiki, nje ya pwani ya New Jersey. Agosti 2022 kadi ya Mantle ya seti hiyo, iliyokuwa katika hali nzuri mno, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Ajabu ni kwamba Mantle si adimu kuliko kadi nyingine za fungu lake. Yake ilichapishwa mara mbili zaidi ya nyingi kati ya hizo. Wanunuzi wanamtaka yeye.

Nani alikuwa akifaidika? Topps ilimnunua mshindani wake Bowman mwaka 1956 ikabaki karibu peke yake. Mchezaji chipukizi alipewa dola 5 ili asaini, kisha dola 125 kwa mwaka akifika ligi kuu. Marvin Miller, aliyeanza kuongoza chama cha wachezaji mwaka 1966, aliona huo ni unyonyaji. Wachezaji wakagoma kupigwa picha na Topps, na ndiyo maana kadi nyingi za 1969 zina picha za zamani. Kampuni ilisalimu amri: malipo yakapanda hadi dola 250, pamoja na asilimia ya mauzo.

Soko linafurika

Ukiritimba wa Topps ulivunjwa mahakamani mwaka 1980, na mwaka uliofuata kampuni za Fleer na Donruss zikaingia sokoni. Mahakama ya rufaa iliigeuza hukumu hiyo mwaka huohuo, ikisema haki ya pekee ya Topps ni kuuza kadi pamoja na peremende au bazoka. Wapinzani hawakutoka. Waliiondoa tu bazoka: Fleer ikatia stika za timu, Donruss vipande vya picha ya kupanga. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba bazoka haikuwa na kazi tena. Topps yenyewe iliiacha mwaka 1992, na wakusanyaji wengi wakashukuru, kwa kuwa ilikuwa ikiacha doa kwenye kadi iliyogusana nayo.

Wakati huohuo watu wazima walikuwa wamesikia bei ya kadi ambazo mama zao walizitupa. James Beckett, mhadhiri wa takwimu, alianza mwaka 1984 kutoa jarida la bei, na ghafla kila mwenye sanduku chini ya kitanda akajiona mwekezaji. Mwaka 1989 kampuni ya Upper Deck ilileta karatasi bora, alama ya kuzuia bandia na pakiti ya foili isiyofunguka kimya kimya, huku kadi namba 1 ikiwa ya mchezaji chipukizi Ken Griffey Jr.

Kampuni zikachapa bila kipimo. Lakini kadi za zamani zilikuwa ghali kwa sababu hakuna aliyezihifadhi. Hizi kila mtu alizihifadhi. Mgomo wa wachezaji ulioanza Agosti 12, 1994 ukafuta hata fainali za World Series, na hamu ikapoa. Kadi nyingi za miaka ile bado zinauzwa kwa senti.

Kuuza bahati

Ili kumrudisha mnunuzi, watengenezaji walizalisha uadimu kwa makusudi. Mbinu hiyo ilianza hata kabla ya mgomo: mwaka 1990 Upper Deck ilificha katika pakiti zake kadi 2,500 zenye saini halisi ya nyota Reggie Jackson. Zikafuata kadi zinazong'aa kama upinde wa mvua ukizielekeza kwenye mwanga, kadi zenye kipande cha jezi au ubao wa gongo, kadi zilizopigwa namba kuonyesha ni ya ngapi kati ya 50, na hatimaye ile ya pekee duniani. Nyuma ya pakiti ukaanza kuchapwa uwezekano: hii hupatikana katika pakiti moja kati ya 24, ile katika moja kati ya maelfu.

Wajanja hawakukosekana. Kadi yenye kipande cha jezi ni nene na nzito kuliko nyingine, hivyo wapo walioingia dukani na mizani ndogo, wakapima pakiti moja moja, wakachukua nzito na kuwaachia watoto nyepesi. Baadhi ya kampuni zikajibu kwa kutia kadi nene tupu ili vidole na mizani vidanganyike.

Je, hii si kamari? Swali hilo lilifikishwa mahakamani Marekani katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa yenye mamlaka juu ya California ilikataa madai hayo: aliyenunua pakiti amepata kadi alizolipia, na kukatishwa tamaa si hasara inayodaiwa kisheria. Kisheria likaishia hapo. Mzazi anayemwona mwanawe akitupa kando kadi tisa ili kuitafuta ya kumi anaweza kuwa na jibu tofauti.

Mwaka 1991 ilianza PSA, kampuni inayokagua kadi, kuipa alama kati ya 1 na 10 na kuifungia katika plastiki ngumu. Tofauti ya 9 na 10 yaweza kuwa maelfu ya dola. Hata ukaguzi una walakini: kadi maarufu ya Wagner, iliyowahi kumilikiwa na nyota wa magongo ya barafuni Wayne Gretzky, ilipewa alama 8, lakini mwaka 2013 mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuiuza alikiri kwamba alikuwa ameipunguza kingo.

Janga la UVIKO-19 lilifufua kila kitu. Watu waliofungiwa nyumbani walirudi kwenye kadi zao, na Machi 2021 PSA ilisitisha kupokea kadi za huduma zake za bei nafuu kwa kuelemewa. Mei mwaka huo maduka ya Target yaliondoa kadi kwenye rafu zake kufuatia ugomvi katika maegesho ya magari huko Wisconsin. Siku hizi wengi hawazigusi hata pakiti: unalipia timu unayoitaka, mtu anafungua sanduku zima mbele ya kamera, nawe unatumiwa kadi za timu yako. Januari 2022 Fanatics, kampuni ya bidhaa za michezo, iliinunua Topps kwa takriban dola milioni 500, na leo ndiyo yenye haki za ligi na za chama cha wachezaji kwa pamoja. Ukiritimba uliovunjwa mwaka 1980 umerudi kwa jina jingine.

Kwa anayetaka kuingia katika mchezo huu, historia inatoa ushauri mwepesi. Kadi zinazotangazwa kuwa hazina tangu siku ya kwanza mara nyingi hazifiki popote. Zilizothaminika ni zile ambazo watu walizichezea, wakazikunja na kuzitupa. Soma uwezekano ulioandikwa nyuma ya pakiti kabla ya kumpa mtoto fedha. Na kama unamtaka mchezaji fulani, nunua kadi yake peke yake, kwa kawaida itakugharimu kidogo kuliko kumsaka ndani ya pakiti. Anayefungua pakiti ajue kwamba amelipia kufungua.