Barabara Fupi ya Detroit

Urefu wa barabara si kipimo cha mambo iliyoyatenda. Katika mji wa Detroit, nchini Marekani, iko barabara kuu iitwayo I-375, ambayo haifiki kilomita 2. Kazi yake ni kuyapokea magari kutoka barabara kuu ya I-75 na kuyafikisha katikati ya mji, karibu na Mto Detroit. Dereva huimaliza kwa dakika chache tu.

Mahali ipitapo palikuwa na mtaa ulioitwa Black Bottom. Jina hilo lilitokana na udongo mweusi wenye rutuba uliolimwa zamani na walowezi wa Kifaransa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watu weusi wengi walihama majimbo ya kusini kwa sababu ya dhiki na ubaguzi, wakaja Detroit kutafuta kazi, hasa katika viwanda vya magari. Kwa kuwa mitaa mingine mingi haikuwapokea, walikaa hapo. Katika njia ya Hastings walifungua maduka, hoteli na kumbi za muziki, wakajenga na makanisa. Nyumba nyingi zilikuwa kuukuu, tena zimesongamana. Jambo hilo halikanushiki.

Sheria ya makazi ya mwaka 1949 iliipa miji fedha za kubomoa mitaa ya namna hiyo, na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaahidi senti 90 katika kila dola ya gharama. Ubomoaji wa Black Bottom ulianza mwaka 1950. Baadaye njia ya Hastings ikachimbwa kuwa mfereji wa magari, na mwaka 1964 barabara ikakamilika. Wengi wa waliohamishwa walikuwa wapangaji, wasio na nyumba ya kudai bei yake. Jirani, mteja na kanisa havikuingizwa katika hesabu. Basi magari waliyoyaunda kwa mikono yao yakapita pale walipokuwa wakiishi.

Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitangaza msaada wa dola milioni 104.6 ili mfereji huo ufukiwe na kufanywa njia ya kawaida ya mjini. Hata hivyo, udongo waweza kuujaza mfereji. Hauwezi kuwarudisha waliotawanyika. Kwa hiyo, tusomapo habari za barabara yoyote, tusiulize tu yaelekea wapi, bali pia imepita juu ya nani.