Ujuzi wa Askari Mstaafu na Ajira za Nje: Hoja Kutoka Msalato

Jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa kimataifa wa Msalato, nje kidogo ya jiji la Dodoma, liliwekwa Oktoba 2022. Njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita 3.6, na kazi ya ukubwa huo haifanyiki bila waendesha mitambo, wapima ardhi, mafundi umeme na wasimamizi wanaojua kupanga watu na vifaa. Ukiifuata barabara ya Arusha ukaipita Msalato, unafika Makutupora, kilipo kikosi cha JKT cha 834 KJ. Ujuzi unaotakiwa Msalato umo pia ndani ya majeshi yetu. Swali la makala hii ni nini kinaupata ujuzi huo mwenye nao anapovua sare na kutaka kuuza kazi yake nje ya nchi.

Uwezo wenyewe hauna ubishi. Ukuta unaozunguka migodi ya tanzanaiti Mirerani, wa kilomita 24.5, ulijengwa na askari na kuzinduliwa Aprili 2018, miezi michache tu baada ya kazi kuanza. Sajenti aliyesimamia kipande cha ukuta ule amefanya kazi ya msimamizi wa ujenzi. Hata hivyo cheo cha sajenti hakimwambii mwajiri wa Calgary au Doha kama mtu huyo anaweza kusoma ramani ya jengo. Mwajiri anataka cheti cha ufundi kilichotolewa na mamlaka anayoweza kuiandikia barua na kujibiwa.

Umri nao ni kikwazo, na mara nyingi husahaulika. Katika mfumo wa Express Entry, ambao Kanada inautumia tangu 2015, mwombaji asiye na mwenzi hupata alama 110 za umri akiwa na miaka 20 hadi 29. Akifika 42 anapata 28, na akitimiza 45 hapati hata moja. Australia nayo huwataka waombaji wa viza nyingi za ujuzi wawe chini ya miaka 45. Kijana aliyejiunga na jeshi akiwa na miaka 20 na kutumikia 22 anaanza kutafuta vyeti wakati ambao kila mwaka unaopita unampunguzia alama. Kumwambia arudi darasani miaka mitatu ni sawa na kumfungia mlango.

Matokeo ya kutojiandaa tumeyaona kwa jirani. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, maelfu ya Waganda, wengi wao waliowahi kuwa askari, walikwenda Irak kulinda kambi na majengo. Kilichonunuliwa kwao kilikuwa uzoefu wa kushika bunduki peke yake, na kwa kuwa wenye uzoefu huo walikuwa wengi, ujira ulishuka sana ndani ya miaka michache. Fundi mitambo aliyekuwa miongoni mwao alilipwa kama mlinzi.

Wapo watakaosema kwamba kumpa askari cheti ni kumsindikiza aondoke, ilhali taifa limegharimia mafunzo yake. Hofu hiyo naiheshimu, lakini siikubali. Mtu aliyekwisha kustaafu jeshi halimtumii tena. Cheti kinachosomeka Calgary kinasomeka vilevile kwa mkandarasi wa Msalato, na wengi wangechagua kubaki karibu na watoto wao kama kazi ya fani yao ingepatikana hapa. Anayeondoka bila cheti ndiye hasara kubwa zaidi, maana ujuzi wake haumfai yeye wala nchi.

Njia ipo tayari. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Makao makuu ya Serikali yako Dodoma, na VETA ina chuo jijini humohumo. Wizara ya Ulinzi na VETA wakubaliane kwamba kila askari mwenye fani apimwe angali kazini, miaka miwili au mitatu kabla ya kustaafu, na akabidhiwe cheti chake siku moja na hati ya kumaliza utumishi.