Hongo Ilipokuwa Halali

Dereva yeyote anayetumia Barabara ya Bagamoyo anaijua lugha ya taa. Umeipita Bunju, unaikaribia Mapinga, jua la saa saba linawaka, na gari linalokuja upande wa pili linakuwashia taa mara mbili. Maana yake mbele kuna askari na tochi ya kupima mwendo. Unashuka hadi hamsini, unampita askari ukiwa umetulia kwenye kiti, kisha baada ya kona unakanyaga mafuta na wewe unaanza kuwawashia wanaokuja. Hakuna aliyefundishwa haya chuo cha udereva. Watu wasiojuana, ambao hawatakutana tena, wanatunzana kwa uaminifu mkubwa, na wanachokwepa ni sheria iliyotungwa ili wao wenyewe wafike salama. Husemwa mara nyingi kwamba ugonjwa wa barabara zetu ni ukosefu wa nidhamu. Ishara ya taa inakataa. Nidhamu ipo, tena imara. Kilichopotea ni kitu kingine, na historia ya njia hii hii inaonyesha kilipotelea wapi.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikua ikawa lango kuu la misafara ya bara. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walishuka kutoka Tabora na Ujiji. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda. Kazi ya kubeba ilikuwa zaidi ya Wanyamwezi, kila mpagazi na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Mamia ya watu wenye silaha, wachovu, wakifuatana kwenye kijia kinachotosha mtu mmoja: kama kuna mahali fujo ingetarajiwa ni hapo. Lakini msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeshukia Kaole mwaka 1857 na ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu Waafrika, aliandika juu ya utaratibu uliofuatwa. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa nguo nyekundu, amejipamba kwa ngozi ya mbega. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Aliyempita alichomolewa mshale mmoja podoni mwake, ukatunzwa mpaka kambini, ili wakati wa kutozwa faini asiweze kukana kwamba ni yeye. Hiyo ni sheria ya kuovateki, miaka mia moja na zaidi kabla ya trafiki kusimama Tegeta. Mshale ulifanya kazi ambayo leo inafanywa na namba ya gari, lakini ulisomwa jioni ile ile, mbele ya watu ambao mkosaji angekula nao usiku na kutembea nao kesho yake. Ushahidi, mashahidi na adhabu vilikaa kambi moja.

Wasafiri wa zama hizo waliandika pia kwamba penye njia panda waliotangulia waliifunga njia isiyo sahihi kwa tawi bichi, au kwa mstari uliochorwa kwa mguu. Tawi hilo lingali kazini. Lori likiharibika kwenye barabara ya Msata, karibu na vibanda vya mananasi vya Kiwangwa, utingo hushuka na panga, akakata matawi na kuyapanga nyuma ya gari hatua kadhaa, na kila dereva ajaye anajua yanasema nini. Kinachosikitisha hutokea baadaye. Lori likishatengenezwa huondoka, na mara nyingi matawi huachwa pale pale kwenye lami, pamoja na mawe yaliyokuwa yamezuia matairi, yakimsubiri mwenye bodaboda usiku. Ishara imerithiwa kamili. Wajibu wa kuiondoa haukurithiwa, kwa sababu lori limeshafika Segera na hakuna kambi ambayo utingo ataulizwa.

Sidai kwamba njia ya misafara ilikuwa njia ya haki. Juu yake walipita watu waliofungwa minyororo, na hakuna utaratibu wa safari unaoweza kulisafisha hilo. Hata haki ya kupita ilikwenda kwa cheo: Burton anaeleza kwamba misafara miwili ikikutana, ule ulioongozwa na Mwarabu ulidai njia, na ikiwa yote ni ya Wanyamwezi ugomvi wa marungu uliweza kuamua nani akae pembeni. Urithi huo nao tunao. Hata neno ni lile lile: magari ya mkubwa yanapopita na wengine wote wakasimamishwa, tunasema msafara unapita, na aliyesubiri kwenye foleni anajifunza upya kila mara kwamba barabara ina wenyewe. Dereva wa daladala anayetanua kupitia kando ya foleni, akiwarushia vumbi wauza samaki, anafuata somo hilo kwa kiwango cha uwezo wake.

Ila jambo lenye mafunzo makubwa zaidi limo katika neno hongo. Leo neno hili lina maana moja, nayo ni chafu. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la ushuru wa njia. Msafara ulioingia Ugogo, nchi kavu ambako kisima kilikuwa mali kuliko ng'ombe, haukuteka maji wala kununua mtama kwa amani kabla ya kumalizana na mtemi. Mazungumzo yaliweza kula siku nzima, hata siku kadhaa. Wajumbe walikwenda na kurudi. Doti za merikani na kaniki zilihesabiwa, zikakataliwa, zikaongezwa, na kila mpagazi aliyekaa chini ya mbuyu akisubiri alijua ni kiasi gani kimedaiwa na kiasi gani kimetolewa. Mpokeaji alikuwa na jina na boma. Alichokiuza kilionekana kwa macho: maji, chakula, na usalama wa kupita katika nchi yake. Akizidisha, misafara iliweza kuitafuta njia nyingine, naye akakosa nguo za msimu mzima. Masimulizi ya Waswahili wenyewe yaliyokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1901, yanaonyesha jinsi malipo haya yalivyokuwa sehemu ya kawaida ya safari, kama kuvuka mto.

Mtu anaweza kusema, na wasafiri wa Ulaya walisema sana, kwamba huo ulikuwa unyang'anyi uliovikwa jina. Mmoja wao, Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871, alilalamika juu ya madai ya Wagogo kwa uchungu mwingi. Nakubali kwamba watemi walipandisha bei, wengine bila huruma, na kwamba mpagazi maskini ndiye aliyekaa na kiu wakati wakubwa wakibishana. Mwaka huo huo wa 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alianza vita na Waarabu wa Tabora, na udhibiti wa njia pamoja na ushuru wake ulikuwa katika kiini cha ugomvi. Lakini malalamiko hayo yote yanahusu bei na nani ana haki ya kuipanga. Hakuna anayelalamika kwamba hajui fedha imeingia mfukoni mwa nani. Ushuru unaweza kuwa mkubwa kupita kiasi na bado ukawa na mtu wa kuuliziwa. Mambo hayo mawili tumezoea kuyachanganya.

Uhusiano kati ya mlipaji na mpokeaji ulikatwa na Wajerumani. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilichukua utawala na forodha za pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na ndani ya wiki chache pwani ikawaka. Abushiri bin Salim aliongoza vita vilivyoikumba Bagamoyo yenyewe, mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri aliishikilia Saadani. Zilikuwapo sababu nyingi, dharau ikiwa mojawapo, lakini moja ilikuwa hii: nani akusanye ushuru bandarini, na kwa idhini ya nani. Wajerumani walijenga vituo Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora, na hongo ya watemi ikakomeshwa. Mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha aliweza kulipa kwa jasho, zikiwamo kazi za barabara. Mkulima wa Uzaramo sasa aliifyeka njia asiyoihitaji, kwa amri ya mtu asiyemfahamu, ili apite mwingine. Mtemi aliyekatazwa kutoza hakuwa tena na sababu ya kuilinda njia. Na neno hongo, likiwa halina tena mahali pa halali pa kukaa, likahamia gizani: likabaki jina la kile anachopewa mwenye mamlaka pembeni, bila hesabu, ili afumbe macho.

Uhuru ulirithi barabara za namna hiyo, na njia yetu ya kuishi ikazizidishia uzito. Sheria ya Usalama Barabarani ambayo bado inatuongoza ilitungwa mwaka 1973. Mwaka huo huo serikali iliagiza kwamba wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja ifikapo 1976, na maeneo mengi vijiji hivyo vilipangwa kando ya barabara ili huduma ziwafikie. Huduma zilifika baadhi ya mahali. Magari yalifika kote. Kizazi kilichohamishiwa barabarani kwa amri kiliambiwa kuwa barabara ni ya serikali, na aendeshaye gari akaambiwa hivyo hivyo. Mmoja alivuka na mwingine alikimbia, kila mtu akiamini kwamba mwenye mali ni mtu wa tatu ambaye hayupo. Kwa hesabu za polisi, ajali huua zaidi ya watu elfu moja nchini kila mwaka, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani yanaizidi hesabu hiyo mara kadhaa. Pengo hilo peke yake ni kilio. Msafara wa zamani ulimhesabu hata mpagazi aliyetoroka na mzigo.

Wapo wanaoona kwamba jibu ni mshahara: mpe askari posho ya kutosha ataacha kuomba hela ya kubrashi viatu. Tume ya Jaji Warioba iliyochunguza rushwa, katika ripoti yake ya mwaka 1996, ilitenganisha rushwa ndogo inayotokana na ugumu wa maisha na rushwa kubwa inayotokana na tamaa, na hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Mtu aliyesimama juani saa nane na watoto nyumbani ni binadamu. Hata hivyo mshahara unaeleza kwa nini mkono unanyooshwa. Hauelezi kwa nini mkono wa pili, wa mwenye gari aliyeshiba, unaunyookea haraka vile. Hapo hesabu ni nyepesi. Faini ya kosa imekuwa shilingi 30,000, na mwaka 2021 ilishushwa hadi 10,000 kwa bodaboda na bajaji. Anayelipa faini anapewa namba ya malipo, fedha inakwenda serikalini, na hapo habari zake zinakoma. Anayetoa kitu kidogo dirishani analipa pungufu na anapata kitu papo hapo: ruhusa ya kuondoka. Kwa macho ya mlipaji, malipo ya haramu ndiyo yenye sura, sauti na matokeo, na malipo ya halali ndiyo yanayotumbukia kisimani. Malipo kwa simu yamepunguza fedha za mkononi, jambo jema, lakini hayajamwonyesha mkazi wa Kerege tuta moja, alama moja ya pundamilia au taa moja iliyotokana na faini zilizotozwa mbele ya mlango wake. Hesabu zikibandikwa ofisi ya kijiji kila mwezi, kiasi kilichotozwa pale na kilichorudi pale, atakuwa na la kumwuliza diwani, na dereva wa Msata atajua analipa nini kwa nani.

Kwamba wananchi wanautamani uwajibikaji wa aina hiyo, hata kwa njia mbaya, hilo Barabara ya Bagamoyo imelishuhudia. Julai 2015, Bunju, mwanafunzi wa shule ya msingi aligongwa na gari akafariki. Wakazi waliifunga barabara. Hasira ikapanda, kituo cha polisi kikachomwa moto, na baadaye watu wakafikishwa mahakamani kwa kosa hilo. Kuchoma kituo ni uhalifu, na moto ule haukumrudisha mtoto. Lakini kufunga njia ni jambo la zamani kuliko lami. Mara nyingi mtoto anapouawa kando ya barabara kuu nchini, magogo na mawe hupangwa kwa namna ile ile, magari husimama foleni kilomita na kilomita, na madai huwa hayo hayo: matuta yawekwe hapa, na mkubwa aje mwenyewe, asimame tumwone, aseme. Hawaombi fedha. Wanaitaja bei ya kupita katika nchi yao, mchana, mbele ya watu wote, na wanataka wa kupatana naye awe na jina.