Kitabu Kisicho na Jalada, na "Akesha Aveni" ya Babu

Najua nimepotea, msinilaumu, tesiti zilikuwa zimenibana kooni. Sasa nimepumua, na bumu likiwa limeingia nimefanya jambo ambalo rumeti wangu anasema ni wendawazimu: nimenunua kitabu chakavu kwa shilingi elfu ishirini na tano. Muuzaji alianzia elfu arobaini!

Ngoja nieleze. Marehemu babu alikuwa akituambia kwamba ujana wake alifanya kazi ya uboi kwenye hoteli kubwa Dar, pale "Akesha Aveni". Tumebaki na picha yake moja, kavaa kanzu nyeupe na tarabushi, kasimama mbele ya nguzo nene. Baba mdogo siku zote husema mzee alikuwa anatupiga fiksi, hakuna mtaa wa jina hilo. Mimi nasoma historia, nikaona hii ni aibu yangu kuiacha hivihivi.

Mwalimu mmoja akanipa wazo: tafuta vitabu vya zamani vya mwongozo wa wasafiri. Hivi ni vitabu ambavyo Wazungu walibeba mfukoni wakitembea. Huko Ulaya vilishika kasi miaka ya 1830, John Murray kule London na Karl Baedeker kule Ujerumani. Kwetu, kampuni ya meli ya Union-Castle ilikuwa na kitabu chake cha Afrika Kusini na Mashariki, kilichohaririwa na akina Samler Brown na kutolewa upya kila mwaka. Matoleo kadhaa ya zamani yamo kwenye intaneti, kwenye Internet Archive, unasoma bure. Na kuna Handbook of Tanganyika: la kwanza la 1930 chini ya Sayers, la pili la 1958 chini ya Moffett. Hiyo si ya watalii hasa, ila inasaidia sana.

Shida ni kwamba vitabu vya namna hii watu walivitupa. Toleo jipya likitoka, la zamani linafungiwa maandazi. Kwa hiyo nilianza kuzunguka kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza chini mjini. Jumamosi ya tatu nikakipata: hakina jalada, hakina kurasa za mwanzo, mchwa wamekula pembe. Na mwaka haupo!

Hapo ndipo utamu ulipo, jamani. Kitabu kisicho na mwaka unakihoji kama shahidi. Kinamtaja Gavana Twining, basi ni kati ya 1949 na 1958. Kinaitaja Serengeti kama hifadhi ya taifa, na hiyo ilianzishwa 1951. Tayari: 1951 hadi 1958. Lakini tahadhari, vitabu hivi vilinakili matoleo ya nyuma. Ukurasa mmoja unaweza kuwa wa juzi, unaofuata wa miaka kumi kabla. Kila jambo lipimwe peke yake.

Halafu nikafungua ramani ya Dar es Salaam. Barabara ndefu katikati ya mji imeandikwa Acacia Avenue. Nikaisoma kwa sauti mara mbili, nywele zikanisimama. Akesha Aveni! Wajerumani nao waliiita kwa jina la mikakaya hiyohiyo, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na leo ni Samora. Tunapita pale kila siku.

Kuna na tangazo la hoteli lenye picha ndogo. Nguzo ni zilezile. Sawa, hiyo haithibitishi mwaka wa picha ya babu, ila mahali pamethibitika.

Nikaendelea kusoma, furaha ikapungua kidogo. Kitabu kinataja bei ya chumba, chakula, maji ya moto, hata pa kufulia nguo. Kuhusu Mwafrika kulala pale, kimya. Hakuna palipoandikwa "marufuku", maana aliyekiandika hakufikiria kabisa kwamba babu yangu anaweza kuwa msomaji. Yeye alibeba mabegi hadi vyumbani, usiku akarudi kulala Kariakoo. Kariakoo yenyewe imepewa mistari michache tu, eti soko la kupendeza kutazama. Kwa hiyo kitabu hiki kinanipa ramani, ila habari za waliobeba mizigo nitazipata kwa wazee, na wazee wanaondoka.

Jana usiku nimempigia baba mdogo, nikamsomea jina la barabara. Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Kumbe mzee alikuwa anasema kweli." Basi.

Wadau, likizo hii mkifika nyumbani chungulieni masanduku ya wazee. Mkiona kijitabu chenye ramani, kiwe kimechanika vipi, msikitupe. Na kabla ya kitabu, muulizeni mwenyewe kama bado yupo.

Haya, semina ya saa mbili inaningoja. Tutaonana.