Ekskaveta za mtumba Bujumbura: Pima sensa ya akseleta kabla ya kuagiza kompyuta

Mwenye ekskaveta ya mtumba mjini Bujumbura anaweza kuagiza kompyuta ya mashine kutoka ng'ambo wakati ugonjwa uko kwenye waya mmoja uliokatika chini ya kiti cha dereva. Hasara hiyo huepukika kwa mita ya kawaida ya umeme, muda wa saa moja au mbili, na vipimo vinavyofuata mpangilio.

Makala haya yanaeleza namna hitilafu za umeme kwenye sensa ya akseleta zinavyotambuliwa. Yanawalenga wamiliki, mafundi na waagizaji wanaotumia karakana na maghala ya Zone Industrielle, eneo la viwanda lililo karibu na bandari ya Bujumbura kwenye Ziwa Tanganyika.

Kwa nini kosa ni ghali

Burundi haina bahari. Mizigo yake mingi hushushwa Dar es Salaam, kisha husafiri kwa barabara zaidi ya kilomita 1,500 kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero, au kwa reli hadi Kigoma na kuvuka ziwa. Kuingia kwa Burundi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na katika Umoja wa Forodha mwaka 2009, kulirahisisha taratibu, lakini umbali haukupungua.

Aidha, tangu mgogoro wa mwaka 2015 nchi hiyo imepitia uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Dola zikishatumika kununua kifaa kisicho sahihi, kupata nyingine si jambo la siku moja. Na kwa kawaida wauzaji wa spea, iwe Gerezani Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Sharjah, hawarudishi pesa kwa kifaa cha umeme ambacho kimeshafungwa kwenye mashine. Wakati huo ekskaveta imelala, na mkataba wa kazi unaendelea kuhesabu siku.

Mfumo unavyofanya kazi

Katika ekskaveta nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1990, akseleta haivuti kebo. Dereva huzungusha swichi ya duara iliyo pembeni mwa kiti. Ndani yake mara nyingi mna potenshiometa, yaani kifaa ambacho ukinzani wake hubadilika kinapozungushwa. Kompyuta hukipa volti 5 na kusoma volti zinazorudi.

Kwenye mashine kama Komatsu PC200-6 na PC200-7, kompyuta huamuru mota ndogo ya gavana ivute mkono wa pampu ya dizeli. Mota hiyo ina potenshiometa yake inayorudisha taarifa kuwa mkono umefika wapi. Hivyo kuna sensa mbili zinazoweza kuharibika: ya kwenye kibanda cha dereva na ya kwenye injini. PC200-8 ina mfumo wa kisasa wa dizeli usiotumia mota ya gavana, ingawa swichi ya dereva ipo.

Si kila swichi ni potenshiometa. Ya Caterpillar 320C ina hatua 10 na hutuma mchanganyiko wa ishara za kuwaka na kuzima. Fundi anayeipima kwa kanuni ya potenshiometa ataitupa ikiwa nzima. Ndiyo maana modeli na namba ya mashine husomwa kabla ya kushika mita.

Dalili, na zinazofanana nazo

Dalili kuu ni injini kubaki mzunguko wa chini hata swichi ikifikishwa mwisho, mzunguko kupanda na kushuka wenyewe, au hitilafu kuja na kuondoka mashine inapotikisika.

Hata hivyo, mambo mawili hudanganya. La kwanza ni mfumo wa kupunguza mzunguko. Kwenye Komatsu, levazi zikiachwa bila kuguswa kwa takriban sekunde 4, injini hushuka yenyewe ili kuokoa mafuta. Huo si ugonjwa. Uzimwe kwanza kwenye skrini, ndipo upimaji uanze.

La pili ni mafuta. Katika vipindi vya uhaba wa mafuta nchini Burundi, dizeli ya kwenye madumu huweza kuja na maji au uchafu. Injini inayopanda vizuri bila mzigo lakini ikafa nguvu inapochimba, huku volti za sensa zikiwa tulivu, ina uwezekano mkubwa wa kuwa na filta iliyoziba. Sensa isilaumiwe.

Hatua za upimaji

1. Betri. Mashine hizi hutumia volti 24. Injini ikiwaka, chaji iwe takriban volti 27 hadi 28.5. Vituo vya betri vilivyolegea, au waya wa bodi wenye kutu, huzaa hitilafu nyingi za uongo.

2. Kodi. Isome na iandikwe kabla ya kufutwa. Katika kodi za kimataifa zinazotumiwa na injini nyingi, namba 91 ni ya akseleta. 3 ikiifuata humaanisha volti zimezidi, na 4 zimepungua. Kodi hutaja njia ya umeme yenye tatizo. Haisemi kuwa sensa yenyewe imekufa.

3. Volti 5. Ufunguo uwashwe, injini isiwake. Kati ya pini ya chanya na ya hasi zisomeke karibu volti 5. Zikikosekana, kompyuta isihukumiwe bado. Sensa kadhaa zinaweza kugawana njia hiyo moja, na shoti kwenye mojawapo huangusha zote. Zichomolewe moja moja huku mita ikitazamwa. Volti zikirudi, mkosaji amepatikana.

4. Ishara. Swichi izungushwe polepole toka mwanzo hadi mwisho. Volti zibadilike kwa utulivu bila kuruka wala kukatika, kwa kawaida ndani ya 0.5 hadi 4.5. Kwenye baadhi ya Komatsu volti hushuka mzunguko unapopanda, ndivyo zilivyoundwa. Mita ya mshale huonyesha mkatiko wa ghafla vizuri kuliko ya tarakimu.

5. Ukinzani. Ufunguo uzimwe na soketi ichomolewe. Kwa PC200-6 na PC200-7, kati ya pini 1 na 3 za potenshiometa zisomeke omu 4,000 hadi 6,000. Kati ya pini 2 na nyingine yoyote, ukinzani ubadilike taratibu swichi inapozungushwa.

6. Waya. Soketi zote mbili zikiwa zimechomolewa, kila waya upimwe toka mwisho hadi mwisho: usizidi omu 1. Kisha upimwe dhidi ya bodi: usionyeshe mawasiliano yoyote. Waya utikiswe wakati wa kupima, hasa chini ya sakafu ya kibanda na karibu na injini, ambako joto na mtikisiko huukausha.

Hatua zote sita zikipita na tatizo likabaki, hapo ndipo kompyuta inaweza kushukiwa. Fundi asiunganishe volti 24 kwenye njia ya volti 5 "kujaribu". Kabla ya kuchomelea chuma chochote, waya hasi wa betri utolewe na soketi za kompyuta zichomolewe.

Maji na soketi

Soketi zilizooza ni chanzo cha kawaida. Mto Rusizi ulifurika Gatumba mwaka 2020, na mwaka 2024 kupanda kwa Ziwa Tanganyika kuliathiri bandari ya Bujumbura. Mashine iliyosimama majini inaweza kuwaka vizuri leo, kutu ya kijani ikaonekana kwenye pini miezi kadhaa baadaye. Pini zisafishwe kwa dawa ya viungio vya umeme, zisikwanguliwe kwa kisu, na mipira ya kuzuia maji irudishwe mahali pake.

Kwa mnunuzi

Vipimo vya namba 3 na 4 huchukua dakika chache na vinaweza kufanyika kwenye yadi ya muuzaji, kabla ya usafiri kulipiwa. Mnunuzi aombe soketi ya swichi ifunguliwe mbele yake, aandike volti za mwanzo na za mwisho, na apige picha ya kodi zilizohifadhiwa. Kodi zilizofutwa asubuhi hiyo hiyo nazo zina la kusema. Mashine iachwe ifanye kazi hadi ipate moto, kisha vipimo virudiwe, kwa kuwa waya uliokatika nusu huweza kufaulu ukiwa baridi.

Karatasi ya vipimo hivyo ina thamani ya pesa. Kabla ya kununua, ni hoja ya kushusha bei. Baada ya kununua, humwezesha mwagizaji kuitisha potenshiometa au soketi peke yake, kwa namba sahihi ya spea.